Kawia Ufike: Somo juu ya Mlima wa Moto Uliosimamisha Safari za Ulaya

Mwezi huu twataka kuwawekea wasomaji wetu habari za mlima mmoja wa moto ulio mbali sana na sisi, nao si mlima mkubwa. Mwaka 2010 mlima huo ulizisimamisha safari za ndege katika sehemu kubwa ya Ulaya kwa muda wa siku sita, na hasara yake ikafika hata mashamba ya Kenya. Hatuileti habari hii ili kuwastaajabisha watu tu. Twaileta kwa sababu ndani yake mna swali limpasalo kila msafiri, hata yule aendaye sokoni kwa miguu wakati wa masika: Hatari ikiwapo njiani, ni nani wa kusema, "Simameni"? Naye atasema kwa kipimo gani?

Wazee wetu wametuachia mithali mbili ambazo mtu akizisikia upesi ataona kama zapingana. Ya kwanza husema, "Ajali haina kinga." Ya pili husema, "Tahadhari kabla ya hatari." Wako watu waishikao ile ya kwanza peke yake, nao huingia mahali po pote wakisema kwamba siku ya mtu ikifika imefika. Wako na wengine waishikao ile ya pili peke yake, hata wakaogopa kila kivuli wasitoke nyumbani. Twataka kuonyesha kwamba kila moja ina mahali pake na wakati wake.

1. Mlima wenyewe

Katika bahari ya kaskazini, kati ya Norwe na Greenland, kiko kisiwa kiitwacho Iceland, maana yake nchi ya barafu. Mwaka 2010 watu wake walikuwa karibu 318,000 tu, na wengi wao ni washirika wa kanisa la Kilutheri. Chini ya kisiwa hicho gamba la dunia limepasuka, na pande zake mbili zaachana kidogo kidogo, kiasi cha sentimeta 2 kila mwaka. Ndiyo sababu milima ya moto ni mingi huko, kama ilivyo mingi katika Bonde la Ufa huku kwetu.

Mmoja wa milima hiyo huitwa Eyjafjallajökull, yaani barafu ya milima ya visiwa. Kimo chake hakifiki meta 1,700, wala haupati theluthi moja ya kimo cha Kilimanjaro, lakini kilele chake kimefunikwa na barafu nene. Uliwaka mwaka 1821 hata 1823, kisha ukalala. Tarehe 20 Machi 2010 ufa ulifunguka ubavuni mwake, na tarehe 14 Aprili moto ukatokea chini ya barafu yenyewe. Watu wapatao 800 walihamishwa upesi katika nyumba zao. Barafu iliyeyuka, na maji mengi yakashuka bondeni kwa nguvu.

Hapo wenyeji walifanya jambo la kukumbukwa. Bondeni uko mto uitwao Markarfljót, na juu yake pana daraja la barabara kuu izungukayo kisiwa kizima. Walipojua kwamba maji yanakuja, walileta mashine wakaikata barabara kwa mikono yao wenyewe, ili maji yapate njia ya kupita wala yasilipige daraja kwa nguvu zote. Barabara ikaharibika, daraja likapona. Barabara iliyokatwa hujazwa tena kwa siku chache. Daraja lililochukuliwa na maji hutaka miezi mingi na fedha nyingi. Watu hawa walichagua hasara ndogo mapema ili waepuke hasara kubwa baadaye. Msomaji na alishike neno hili, maana tutalihitaji mbele.

2. Kwa nini majivu huzima injini

Chungu kilichokaa motoni kikimwagiwa maji baridi ghafula hupasuka. Ndivyo ilivyokuwa kule. Mawe yaliyoyeyuka yalipokutana na maji ya barafu yalivunjika yakawa unga mwembamba mno, na mvuke ukaurusha juu hata kiasi cha kilometa 9. Upepo siku zile ulikuwa ukivuma kuelekea Ulaya, ukauchukua unga ule juu ya bahari.

Twauita unga huo majivu, lakini haufanani na majivu ya jikoni. Majivu ya kuni ni laini. Haya ni mawe na kioo vilivyosagwa, na kila chembe ina ncha kali. Injini ya ndege huvuta hewa nyingi mno, na joto la ndani yake hupita digrii 1,000. Unga wa kioo ukiingia humo huyeyuka, kisha hushikamana na vyuma vya ndani na kuziba njia ya hewa, hata injini ikazimika. Tena rada ya ndege, ambayo humwonyesha rubani mawingu ya mvua, haimwonyeshi wingu la majivu.

Jambo hili halikujulikana kwa kubahatisha. Usiku wa tarehe 24 Juni 1982 ndege kubwa ya Uingereza yenye watu 263 ilipita karibu na kisiwa cha Java, wakati mlima Galunggung ulipokuwa ukitoa majivu. Injini zake zote 4 zilizimika. Rubani mkuu Eric Moody na wenzake waliishusha ndege bila nguvu yo yote ya injini, hata ilipotoka katika wingu lile injini zikawaka tena. Walitua Jakarta, ingawa kioo cha mbele kilikuwa kimekwaruzwa hata hawakuweza kuona vema. Tarehe 15 Desemba 1989 ndege ya Uholanzi iliingia katika majivu ya mlima Redoubt, huko Alaska, nayo injini zake zote 4 zikazimika, kisha zikawaka tena. Katika safari hizo mbili hakuna aliyekufa, lakini wenye kusimamia safari za anga walielewa ya kuwa wameonywa. Vikawekwa vituo 9 duniani vya kuyaangalia majivu ya milima ya moto na kuwapasha marubani habari. Kituo cha London huangalia upande wa Iceland. Kile cha Toulouse, katika Ufaransa, huangalia sehemu kubwa ya Ulaya pamoja na Afrika yetu.

3. Siku sita

Basi tarehe 15 Aprili 2010 nchi za Ulaya ya kaskazini zilianza kuzifunga anga zao, moja baada ya nyingine. Siku zile safari za ndege karibu 100,000 zilifutwa, na wasafiri wapatao milioni 10 walikwama. Magari ya moshi yalijaa, na vivuko vilijaa pia. Serikali ya Uingereza ilituma manowari iitwayo Albion mpaka Santander, Hispania, kuwachukua askari waliotoka Afghanistan pamoja na raia waliokosa njia. Angela Merkel, aliyekuwa Kansela wa Ujerumani, alikuwa akirudi kutoka Marekani. Ndege yake ilitua Ureno, kisha akaenda Italia, na kutoka huko akarudi kwao kwa barabara kama msafiri mwingine.

Siku zizo hizo Wapolandi walikuwa katika msiba, maana Rais wao Lech Kaczyński alikufa katika ajali ya ndege tarehe 10 Aprili. Maziko yalikuwa tarehe 18 huko Kraków. Rais Obama wa Marekani na wakuu wengi wa Ulaya hawakwenda. Rais Medvedev wa Urusi alipanda ndege akaenda. Wingu lilikuwa moja, na watu hawakulipima sawasawa. Ndivyo ilivyo po pote: hatari moja huonekana kubwa kwa huyu na ndogo kwa yule, kwa kadiri ya mambo anayoyaona kuwa na thamani, na kwa kadiri ya kumbukumbu zake.

Nasi tuifikiri Kenya. Maua na mboga za huko husafirishwa kwa ndege hata masoko ya Ulaya, nazo hazingoji. Ua lililokatwa leo halifai kitu baada ya siku chache. Ndege zilipokosa mahali pa kutua, maua yalirundikana katika maghala, na mengi yakatupwa. Maelfu ya vibarua walikosa kazi siku zile. Naivasha, penye mashamba mengi ya maua, pako karibu na Longonot, ambao nao ni mlima wa moto uliolala. Lakini si Longonot uliowanyima watu ujira wao, bali mlima wa Iceland, ambao hawakupata kuuona wala kulisikia jina lake.

Hapo twaona jinsi dunia ilivyogeuka. Mwaka 1821 mlima huo huo ulipowaka, Ulaya haikusimama, maana watu walisafiri kwa farasi na kwa merikebu. Mlima haukugeuka. Aliyegeuka ni msafiri. Kila njia mpya aitengenezayo mwanadamu humfikisha mbali na upesi, lakini pia humfanya jirani wa hatari ambazo zamani hazikumhusu.

4. Neno la kipimo

Siku ya tatu na ya nne manung'uniko yakaanza. Kanuni ya wakati ule ilikuwa fupi: palipo na majivu, usipite. Wenye kampuni za ndege walisema, "Mbingu ni nyeupe, twapoteza fedha, na ninyi mwaogopa kitu kisichoonekana." Chama chao kilihesabu hasara yao kuwa dola bilioni 1.7. Baadhi yao walirusha ndege zisizo na abiria ili kujaribu, zikarudi salama.

Je, waliofunga anga walikuwa waoga? Hatudhani hivyo. Walijua kwamba majivu mengi huzima injini. Hawakujua ni majivu kiasi gani ambayo injini yaweza kuyavumilia, kwa kuwa kiasi hicho kilikuwa hakijawekwa. Asiyejua kina cha maji hana budi kusimama ukingoni. Tarehe 20 Aprili, baada ya mashauri na watengenezaji wa injini, kipimo kiliwekwa: ndege zaweza kupita ikiwa majivu hayazidi miligramu 2 katika kila meta moja ya ujazo ya hewa, na injini zikaguliwe kwa uangalifu zaidi. Ndipo anga zikafunguliwa. Mwaka 2011 wataalamu wa Iceland na wa Copenhagen walitoa habari za uchunguzi wao wa majivu ya siku zile za kwanza. Waliona kwamba chembe zake zilikuwa kali na ngumu sana, hata ndege zingaliweza kudhurika. Basi kuzizuia ndege kulikuwa halali.

Mwezi wa Mei mwaka huo wa 2011 mlima mwingine wa Iceland, Grímsvötn, ulilipuka kwa nguvu kuliko ule wa kwanza. Safari zilizofutwa zilikuwa 900 hivi tu. Sehemu ya sababu ni upepo, na tena majivu yake mengi yalikuwa mazito yakaanguka upesi. Lakini sehemu nyingine ni kwamba safari hii watu walikuwa na kipimo. Hofu isiyo na kipimo husimamisha kila kitu. Ushujaa usio na kipimo huua. Vyote viwili vina ugonjwa mmoja.

5. Watu waliokaa karibu na moto

Watu wa Iceland wenyewe hawakushangaa kama wenzao wa Ulaya. Wana usemi wao ambao maana yake ni kwamba mambo yatatengenea tu. Mgeni akiusikia hudhani kwamba ni watu wazembe. Kumbe ndio hao walioikata barabara ili kuliponya daraja. Wana kumbukumbu ndefu.

Siku ya Pentekoste, tarehe 8 Juni 1783, nchi ilipasuka mahali paitwapo Laki, ufa wenye urefu wa zaidi ya kilometa 25. Sumu ilianguka juu ya majani, na mifugo ikala. Katika kila kondoo 10 karibu 8 walikufa, kisha njaa ikaja, na mtu mmoja hivi katika kila watano wa nchi ile akafa. Mchungaji wa upande ule alikuwa Jón Steingrímsson. Tarehe 20 Julai mto wa mawe yaliyoyeyuka ulikuwa ukishuka kuelekea kanisa lake huko Kirkjubæjarklaustur. Aliwakusanya watu kanisani wakaomba, na walipotoka waliona kwamba moto umesimama bondeni, haukuendelea mbele. Hata leo ibada ile huitwa ibada ya moto, naye huitwa mchungaji wa moto.

Wengi huishia hapo wanapoisimulia habari hii, lakini iliyobaki yafaa pia kusomwa. Mchungaji huyo aliwatibu wagonjwa kwa kadiri ya ujuzi wake. Tena aliandika kwa uangalifu mambo aliyoyaona, na maandiko yake yamewafaa wataalamu wa milima ya moto hata siku zetu. Mkewe alikufa mwaka 1784. Mwaka huo alikabidhiwa fedha za msaada azipeleke kwa wakubwa, naye njiani akawagawia wenye njaa sehemu yake; kwa ajili hiyo aliadhibiwa. Mtu mmoja aliweza kuomba, kutibu, kuandika na kugawa mkate. Hakuona kwamba kazi moja yaiondoa nyingine.

6. Mto uliofurika

Labda msomaji atasema, "Hayo ni ya wenye ndege." Huku kwetu ni nadra majivu kumzuia mtu asisafiri. Kinachotuzuia sisi ni mto uliofurika. Nao ni vigumu kuupima kuliko majivu, kwa kuwa twauzoea. Jana tulivuka na juzi tulivuka.

Jumamosi tarehe 4 Desemba 2021, karibu na Mwingi katika Kitui, nchi ya Kenya, basi lililochukua watu waliokwenda arusini lilijaribu kuvuka mto Enziu uliokuwa umefurika. Wengi wao walikuwa waimbaji wa kwaya ya kanisa. Watu walisimama ukingoni wakitazama. Maji yalilipindua basi, na watu zaidi ya 30 wakafa.

Asitokee mtu wa kuuliza walikuwa wamekosa nini. Bwana wetu alipowataja wale watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kusema kwamba walikuwa waovu kuliko wengine. Swali lililo halali ni jingine: Ukingoni pale palikuwa na nini cha kumsaidia dereva kusema, "Hatupiti"? Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimeta 15 tu yaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika sentimeta 60 huchukua magari mengi. Lakini maji ya matope hayasemi kina chake, na abiria walio nyuma wanaitazama saa.

Kwa hiyo twaona mambo matatu ambayo kila usharika ulio karibu na kivuko waweza kuyafanya. La kwanza, nguzo yenye alama isimamishwe kivukoni wakati wa kiangazi, ili maji yakifika kwenye alama nyekundu pasiwe na mabishano. La pili, watu wapatane mapema ni nani wa kusimamisha safari, na neno lake liheshimiwe hata na wakubwa. La tatu, aliyesimamishwa apewe mahali pa kulala na chakula. Hili la tatu husahauliwa mara nyingi, nalo ndilo gumu. Kule Ulaya mwaka 2010 sheria ilizilazimisha kampuni za ndege kuwalisha abiria waliokwama na kuwapa malazi. Lakini kibarua wa Naivasha aliyepoteza ujira wa siku sita, ni nani aliyemlisha? Kumwambia mtu "ngoja" ni rahisi kwa yule ambaye kungoja hakumgharimu kitu. Mwenye duka ambaye bidhaa zake zitaoza, na mama ambaye mtoto wake yuko ng'ambo, watavuka tu ikiwa hasara yote ya kungoja ni yao peke yao. Barabara ya Markarfljót ilikatwa kwa faida ya wote, ikatengenezwa kwa gharama ya wote.

Sasa tuzirudie mithali zetu. "Ajali haina kinga" ni neno la kweli, lakini ni neno la matanga. Twawaambia waliofiwa, ili wasijitese kwa kuhesabu yale ambayo wangalifanya. Halikuwekwa kuwa neno la dereva aliye ukingoni mwa mto. Kwake yeye wazee waliweka jingine, fupi, nalo latosha: Kawia ufike.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Kwa nini wenyeji wa Iceland waliikata barabara yao wenyewe? Taja jambo la kijiji chako ambapo hasara ndogo ya mapema ingeliepusha hasara kubwa.
2. Waliofunga anga mwaka 2010 hawakuwa na kipimo. Je, kivuko kilicho karibu nawe kina kipimo gani, na nani hukitazama?
3. Mchungaji Jón Steingrímsson aliomba, alitibu, aliandika, aligawa mkate. Katika hayo, ni lipi ambalo usharika wetu hulisahau wakati wa hatari?
4. Msafiri akizuiwa na maji katika kijiji chenu usiku huu, atalala wapi na atakula nini? Jina la nyumba litajwe.